Bartolomeu Perestrelo: Bwana wa Kisiwa na Sungura Wake

Katika habari za mabaharia wa Ureno wa karne ya 15 na ya 16 yapo majina ambayo kila mtoto aliyepita darasani ameyasikia. Vasco da Gama anajulikana sana katika pwani yetu, na Bartolomeu Dias hutajwa kila inapotajwa Rasi ya Tumaini Jema. Lakini yuko Bartolomeu mwingine, mashuhuri kwao Ureno na katika visiwa vya Atlantiki, ambaye huku kwetu hazungumzwi sana. Huyo ni Bartolomeu Perestrelo, bwana wa kwanza wa kisiwa cha Porto Santo. Leo tumeonelea vema tuyasimulie maisha yake pamoja na asili ya ukoo wake, kwani tunaamini kwamba mtu huyu, ambaye hakupigana vita vikubwa wala hakuzunguka bahari za mbali, ana mengi ya kutufunza kuhusu jinsi ukoloni ulivyoanza, na jinsi kosa dogo la binadamu linavyoweza kuishi kuliko binadamu mwenyewe.

Tuanze na asili yake. Ingawa historia inamhesabu kuwa Mreno, damu ya Perestrelo ilitoka Italia. Baba yake, Filippo Pallastrelli, alikuwa mtu wa mji wa Piacenza, kaskazini mwa nchi hiyo. Mwishoni mwa karne ya 14 aliihama nchi yake akaenda Ureno, akafanya makazi kwanza katika mji wa Porto, kisha Lisbon. Zama hizo Waitalia wengi walikuwa wakifanya hivyo. Wafanya biashara wa Genoa, Venice, Florence na Piacenza walikuwa na fedha, walijua kuandika hesabu, na walikuwa na jamaa zao katika bandari nyingi. Wafalme wa Ureno, ambao nchi yao ilikuwa ndogo na maskini lakini yenye pwani ndefu, waliwapokea kwa mikono miwili. Baada ya muda ulimi wa Kireno uliligeuza jina la Pallastrelli likawa Perestrelo, na kwa jina hilo jipya ukoo ukaota mizizi.

Yafaa tukumbuke kwamba katika Ulaya ya siku hizo mtu hakupimwa kwa mali peke yake. Tajiri asiye na ukoo wa kiungwana alikuwa kama mti mrefu usio na kivuli. Kwa hiyo akina Perestrelo walifanya bidii kutambuliwa kuwa waungwana wa tangu kwao Italia, na wakafaulu. Mmoja wa wana wa Filippo aliingia katika kazi ya kanisa akawa padri mkuu wa parokia mjini Lisbon. Na binti yake Branca alipendwa na mtu mkubwa sana, Dom Pedro de Noronha, Askofu Mkuu wa Lisbon, akamzalia watoto. Kwa sheria ya dini askofu hakuruhusiwa kuoa, lakini watoto wale walihalalishwa kwa amri ya mfalme, na katika kizazi chao wakapatikana watu wakubwa wa Ureno. Hatusimulii haya kwa kupenda kufukua aibu za wafu. Tunayasimulia kwa sababu yanaonyesha jinsi ukoo wa wageni ulivyoweza, katika muda wa kizazi kimoja tu, kupanda kutoka gengeni hadi barazani mwa wakuu. Hapana shaka kwamba ukaribu huo na wakubwa ulimsaidia Bartolomeu katika maisha yake.

Bartolomeu alizaliwa Ureno mnamo miaka ya mwisho ya karne ya 14. Alilelewa na kutumika katika nyumba ya Dom João, mmoja wa wana wa Mfalme João wa Kwanza, na baadaye akawa chini ya ndugu wa mwana huyo, Dom Henrique, ambaye vitabu vingi vimempa sifa ya kuwa baba wa usafiri wa baharini wa Wareno. Ilikuwa ni enzi ya harakati. Mwaka 1415 Wareno walivuka mlango wa bahari wakauteka mji wa Ceuta katika Moroko, na tangu siku hiyo macho yao yakawa yanaangalia kusini, kwenye pwani ya Afrika, kulikosemekana kuwa kuna dhahabu. Vijana wa nyumba za wakuu, hasa wale wasio na ardhi ya kurithi, walikuwa wakitafuta nafasi ya kujipatia jina na mali.

Nafasi hiyo ilitokea mnamo mwaka 1418. João Gonçalves Zarco na Tristão Vaz, watumishi wa Dom Henrique, walisukumwa na tufani mbali na pwani ya Afrika, wakaokolewa na kisiwa kidogo ambacho kwa shukrani wakakiita Porto Santo, yaani Bandari Takatifu. Vitabu vya zamani huliita jambo hili ugunduzi. Sisi tunadhani neno hilo litumiwe kwa hadhari, kwani visiwa hivyo vilikwisha kuchorwa katika ramani za Waitalia na Wakatalani tangu karne ya 14. Jambo lililokuwa jipya ni nia ya kukaa. Hakuna mtu aliyekuwa akiishi Porto Santo wala katika kisiwa jirani cha Madeira. Ardhi ilikuwa tupu, na Wareno wakaamua kuijaza.

Hapo ndipo Bartolomeu Perestrelo anapoingia katika historia. Zarco na Tristão Vaz waliporudi na habari njema, yeye aliungana nao katika safari ya kwenda kufanya makazi. Merikebu zilipakiwa mbegu, zana za kilimo na wanyama. Miongoni mwa vitu alivyochukua Perestrelo alikuwamo sungura mmoja jike aliyekuwa na mimba, ndani ya kizimba. Sungura yule akazaa njiani, merikebu ikiwa bado baharini, na mabaharia wakafurahi mno, wakaona kuwa ni dalili ya baraka na ya rutuba ya nchi waendayo. Walipofika wakamfungulia yeye na wanawe waende zao kisiwani.

Msomaji bila shaka amekwisha kukisia yaliyofuata. Kisiwa hakikuwa na mbweha, wala paka mwitu, wala mnyama yeyote wa kuwala sungura. Majani yalikuwa tele. Katika muda mfupi sungura wakawa hawahesabiki. Kila kilichopandwa na wakulima kikaliwa kabla hakijainua kichwa. Watu wakaua sungura mchana na usiku, lakini waliozaliwa walikuwa wengi kuliko waliouawa. Wanahistoria wa Ureno wa zama hizo, Gomes Eanes de Zurara katika karne ya 15 na João de Barros katika karne iliyofuata, wote wawili wamelieleza tukio hili, na wote wameliona kuwa ni balaa. Mwishowe watu waliokuja kwa jina la mfalme, wenye silaha na baraka za kanisa, walishindwa na mnyama ambaye mtoto mdogo anaweza kumbeba. Zarco na Tristão Vaz wakahamia Madeira, kisiwa kikubwa chenye maji na misitu. Perestrelo akarudi Ureno mikono mitupu.

Wako watu ambao wangeliishia hapo. Perestrelo hakuishia hapo, na katika hili anastahili sifa. Alirudi tena Porto Santo, akakubali kisiwa kidogo, kikavu, kilicholiwa na sungura, na akakaa nacho kwa miaka mingi mpaka kikawa makazi ya watu. Kisiwa chenyewe kina ukubwa wa kilomita za mraba 42 tu. Kina ufuko wa mchanga wa dhahabu wenye urefu wa karibu kilomita 9, na vilima ambavyo kilele chake kirefu hakifiki hata mita 600. Maji ni haba. Wenzake wawili walipewa nusu mbili za Madeira. Yeye alipata kilichobaki.

Tarehe 1 Novemba, 1446, Dom Henrique alimwandikia hati ya kumfanya Kapteni wa Porto Santo, cheo ambacho wanawe wangekirithi. Yafaa tuitazame hati ya namna hiyo kwa makini, maana ndani yake umo mfumo mzima. Kapteni alipewa mamlaka ya kuhukumu watu, isipokuwa hukumu ya kifo na ya kukata kiungo. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya vinu vya kusagia nafaka. Tanuri za mikate ya kuuza zilikuwa zake. Chumvi ikiwapo ya kuuza, ni yeye wa kuiuza. Aidha alipata sehemu ya kumi ya ushuru aliostahili mkuu wake, na aligawa mashamba kwa wahamiaji kwa sharti kwamba wayalime katika muda uliowekwa. Kwa maneno mengine, mkulima alilima, lakini unga wake, mkate wake na chumvi yake vilipitia mlangoni kwa bwana. Mtindo huo ulioanzia katika visiwa vya Madeira ulienezwa hadi Visiwa vya Azores na Cape Verde, na mwaka 1534 ukavushwa bahari hadi Brazil, ambako nchi nzima iligawanywa vipande vipande kwa makapteni wa kurithiana.

Mwaka 1455 baharia wa Venice aitwaye Alvise Cadamosto alipitia Porto Santo akiwa njiani kuelekea Afrika Magharibi, akamkuta Perestrelo angali mtawala. Katika maelezo yake kisiwa kilikuwa kinatoa ngano na shayiri ya kujitosheleza, ng'ombe na nguruwe walikuwako, asali na nta zilipatikana, na sungura walikuwa bado hawana idadi. Alitaja pia mti mmoja wa ajabu ambao watu waliuchanja ili upate kutoa utomvu mwekundu. Utomvu huo uliitwa damu ya joka, na ulipendwa sana katika rangi na dawa. Wasomaji wetu wa pwani watakumbuka kwamba mti wa jamaa hiyo hiyo hupatikana Sokotra, na kwamba utomvu wake umesafirishwa kwa majahazi tangu zama za kale. Miti ya Porto Santo haikubahatika kudumu. Ilichanjwa, ikakatwa, miche yake ikaliwa na mifugo na sungura, na hatimaye ikatoweka kama mmea wa mwitu wa kisiwa hicho.

Hatuwezi kusimulia maisha ya Perestrelo bila kuyatazama yaliyokuwa yakitendeka kando yake. Porto Santo na Madeira havikuwa na wenyeji, kwa hiyo hakuna aliyenyang'anywa ardhi huko. Lakini mashamba na mifereji ya Madeira yalihitaji mikono, na mikono hiyo ikatafutwa kwa nguvu, kwanza katika Visiwa vya Canary ambavyo vilikuwa na wenyeji wake, kisha katika pwani ya Afrika. Mwezi Agosti 1444, miaka miwili kabla Perestrelo hajapewa hati yake, mateka 235 kutoka Afrika waligawanywa uwanjani katika mji wa Lagos, kusini mwa Ureno, Dom Henrique mwenyewe akiwa juu ya farasi akichukua fungu lake. Ni Zurara yule yule aliyetuachia habari za sungura ndiye aliyetuachia habari za siku hiyo ya msiba. Miwa ikapandwa Madeira, na kutoka huko kilimo cha miwa kwa mikono ya watumwa kikaenda Sao Tome na ng'ambo ya Atlantiki. Kisiwa cha Perestrelo kilikuwa kikavu mno hata kisiweze kuwa nchi ya sukari, lakini bwana wake alikuwa mtumishi wa nyumba iliyoanzisha biashara hiyo, na alikula katika sahani moja nayo.

Perestrelo alioa zaidi ya mara moja. Mkewe Brites Furtado de Mendonça alimzalia mabinti. Na mkewe wa baadaye, Isabel Moniz, mwanamke wa ukoo mkubwa, alimzalia mtoto wa kiume aliyeitwa Bartolomeu kama baba yake, na binti aliyeitwa Filipa. Mzee alifariki mnamo mwaka 1457. Kwa kuwa mwanawe alikuwa angali mdogo, mjane aliiuza haki ya kisiwa mwaka 1458 kwa Pedro Correia da Cunha, aliyekuwa mume wa mmoja wa mabinti wa marehemu. Kijana alipokua hakuridhika na jambo hilo. Alidai urithi wake, na mwaka 1473 akarudishiwa kisiwa cha baba yake. Tangu hapo ukapteni ukabaki katika ukoo huo kwa vizazi kadhaa.

Lakini aliyeliingiza jina la Perestrelo katika historia ya dunia nzima hakuwa mwana huyo aliyegombea urithi. Alikuwa Filipa. Mnamo mwaka 1479 binti huyo, aliyekuwa akiishi katika nyumba ya watawa ya Shirika la Santiago mjini Lisbon, aliolewa na Mwitalia mmoja wa Genoa asiye na ukoo wala mali, aliyekuwa akifanya kazi ya kununulia wafanya biashara sukari ya Madeira. Jina lake lilikuwa Christopher Columbus. Kwa yule mgeni ndoa hiyo ilikuwa ngazi. Ilimuunganisha na waungwana wa Ureno na ikamfungulia milango ambayo kwa kawaida haikufunguliwa kwa mwana wa mfuma nguo. Tazama jinsi mambo yanavyojirudia: Mwitalia wa kwanza, Filippo, alikuja Ureno akatafuta heshima ya ukoo, na karibu karne moja baadaye ukoo wake ukamtolea heshima hiyo hiyo Mwitalia mwingine.

Columbus na mkewe walikaa kwa muda Porto Santo. Yapata mwaka 1480 walimzaa mtoto wao Diego, na miaka michache baadaye Filipa akafariki dunia. Imesimuliwa tangu zama za wana wa Columbus kwamba mkwe wake wa kike alimkabidhi ramani na karatasi za marehemu Perestrelo, na kwamba hizo ndizo zilizomtia hamu ya kuvuka bahari kuelekea magharibi. Hadithi hii inapendeza, na katika kisiwa kile inapendwa mno. Hata hivyo, sisi tunaona ni busara kuipokea kwa tahadhari. Perestrelo hakuwa baharia wa safari ndefu. Alikuwa mtawala na mkulima. Alikufa zaidi ya miaka 20 kabla ya harusi ya binti yake, hivyo yeye na mkwewe hawakuonana kamwe. Yawezekana kwamba Columbus alijifunza mengi zaidi kwa kusikiliza mabaharia wa visiwani na kuangalia magogo yaliyosukumwa ufukoni na mawimbi kuliko kwa kusoma karatasi za mzee.

Diego, mjukuu wa Perestrelo, alikuja kuwa gavana wa Hispania katika kisiwa cha Hispaniola mwaka 1509, akamiliki shamba la miwa. Katika shamba hilo hilo, wakati wa Krismasi ya mwaka 1521, watumwa kutoka Afrika Magharibi, wengi wao Wawolofu, waliinuka wakadai uhuru wao kwa nguvu. Waliangamizwa, na sheria kali za kuwabana watumwa zikatangazwa papo hapo. Hilo ni miongoni mwa maasi ya mwanzo kabisa ya Waafrika katika Amerika, na tunapenda likumbukwe kila inapotajwa shajara ya ukoo huu.

Jina hilo lilifika hata katika bahari zetu. Rafael Perestrelo alifika Guangzhou, China, mwaka 1516, akiwa miongoni mwa Wareno wa kwanza kufanya biashara huko. Naye Manuel de Mesquita Perestrelo alinusurika merikebu iitwayo São Bento ilipovunjika katika pwani ya kusini mashariki ya Afrika mwaka 1554, akatembea na wenzake kwa miguu kuelekea kaskazini, wengi wakifia njiani. Mwaka 1575 na 1576 alitumwa kuichunguza na kuiandika pwani ile kuanzia Rasi ya Tumaini Jema hadi Rasi ya Correntes katika Msumbiji.

Na sungura je? Sungura hawakuondoka. Karne nne baadaye mwanasayansi wa Kiingereza Charles Darwin alivutiwa nao. Mwaka 1861 aliwachunguza wawili walioletwa hai katika bustani ya wanyama ya London. Akaona kwamba walikuwa wadogo, hawafikii nusu ya uzito wa sungura mwitu wa Uingereza, na manyoya yao yamekuwa mekundu. Mmoja alipokaa London kwa karibu miaka 4, rangi yake ikarudi kama ya wenzake wa huko. Darwin aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1868 kuhusu mabadiliko ya wanyama na mimea inayofugwa na kupandwa na binadamu. Kwa hivyo kosa la Perestrelo liligeuka kuwa ushahidi wa sayansi, jambo ambalo yeye asingeliota hata usingizini.

Sasa tumhukumuje mtu huyu? Wako wanaomwita mgunduzi, lakini hakugundua. Wako wanaompuuza kwa kuwa alishindwa na sungura, lakini alirudi na akajenga. Yeye hakuwa mkatili kuliko watu wa zama zake, wala hakuwa mwema kuliko wao. Alikuwa mtu wa kawaida aliyepewa nchi isiyokuwa ya aliyempa, akaitawala kwa faida ya nyumba yake. Ukoloni, kwa sehemu kubwa, ulijengwa na watu wa namna hiyo. Mashujaa na mashetani walikuwa wachache.

Lakini funzo kubwa zaidi kwetu limo katika kile kizimba. Perestrelo hakukusudia kukiharibu kisiwa. Alikusudia nyama ya kitoweo. Hakuuliza mnyama yule atakula nini na ataliwa na nani. Nasi huku kwetu tunayafahamu mambo kama hayo: kunguru wa Bara Hindi walioletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wasafishe takataka, wakawa wao wenyewe kero kwa ndege wa asili, na sangara aliyetiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, akaleta fedha na viwanda, lakini akawameza samaki wadogo wa asili ambao wavuvi waliwajua kwa majina. Kila mara nia ilikuwa njema, na kila mara mlango uliofunguliwa kwa mkono mmoja ulishindikana kufungwa kwa mikono elfu.

Hati ya mwaka 1446 imebaki karatasi tu, na ukapteni wa kurithiana umekwisha zamani. Kwa hiyo wenye madaraka ya kugawa ardhi na ya kuruhusu viumbe wageni kuingia nchini, kabla ya kutia sahihi, na wakumbuke kisiwa kikavu cha Porto Santo, ambako bwana amekwenda, ukoo wake umetawanyika, na mjukuu wa yule sungura angali anatafuna majani.